Moto ya Dowa

Nabintu alirudi Lilongwe mwezi uliopita baada ya miaka mingi ya kukaa Kanada, na sisi wenzake wa zamani tulimwandalia chakula nyumbani kwa binamu yake huko Kawale. Kulikuwa na wali, kuku, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na sahani ya nsima, ugali wa Malawi, aliyoiagiza mwenyewe ili aipige picha. Katikati ya kula alifuta vidole, akawageukia vijana waliokaa upande wa pili wa meza, akasema, "Munajua huyu mama Faida tulikuwa tunamuita nani kule kambini? Moto ya Dowa!" Kisha akasimulia. Anajua kusimulia, sikatai. Aliiga sauti yangu, akaiga sauti ya Sekretere Deo, akaiga hata mlio wa simu ujumbe unapoingia, na kijana mmoja akapaliwa na soda kwa kucheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa katika nyumba ya watu na nilikuwa na kijiko cha watu mkononi. Hadithi yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Sijui kama alimsahau au alimwacha nje kwa kusudi, chakula kisiharibike. Nilipofika nyumbani niliweka mezani sombe niliyofungiwa, nikaitazama ikipoa, nikajua kwamba nisipoandika mimi, hadithi itabaki vile alivyoitengeneza yeye.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nikiishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na Mwamini, yaya yangu. Kwetu Fizi, huko Kivu, Kongo, yaya ni dada mkubwa. Ukisema dada tu, bado hujasema aliyekulea. Mume wake alikuwa amekwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, akamwachia mimba ya kwanza na cherehani moja ambayo tuliipokezana. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba viwili, na cherehani tuliiweka mlangoni kwa sababu mwanga haukufika ndani. Mvua zilipoanza, ukuta wa upande wa jirani ulikunywa maji mpaka usawa wa magoti, na kupitia ukuta huo tulisikia kila neno la Mrundi na mke wake, wakibishana juu ya chumvi kisha wakicheka. Yaya alipenda kuwasikiliza. "Bale bantu banapendana," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani, tumbo lake likigusa ukingo wa meza. Jioni tulisonga ugali, tukala na maharage, na siku za bahati tulipata usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao yaya aliwakaanga mpaka wakawa wanavunjika mdomoni kama biskuti. Alikuwa akinichagulia wale wenye mayai. Alisema yeye ana wake tumboni, inatosha.

Simu yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anaondoka kambini. Kioo kilikuwa na ufa, na tangu ilipoanguka katika beseni la kufulia haikushika tena sauti ya mtu. Sikuweza kupiga wala kutuma sauti. Niliweza kuandika tu, na niliandika kama nilivyosema. Shule yangu ilikuwa ya Kifaransa na iliishia njiani. Kiswahili hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha kukiandika, kilikuwa mdomoni mwangu kama mate. Niliandika bila herufi kubwa wala nukta, na sikujua kwamba kuna kitu kinakosekana. Nilipenda kuandika, jamani. Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha WhatsApp kilichoitwa Jirani Mwema, kilichoanzishwa ili mtu akiugua au akifiwa wengine wajue upesi, lakini siku za amani watu walipiga soga humo, na mimi niliandika habari za sokoni, za kuku wa Mrundi aliyekuja kutagia kwenye vitambaa vyetu, za mahubiri yaliyokatizwa na mvua ya mawe. Watu waliniambia, "Faida, ukiandika ni kama uko hapa."

Kiongozi wa kikundi alikuwa Deo, sekretere wa kanisa, mtu wa Bukavu aliyewahi kuwa mwalimu. Kabla ya kufika Malawi alikuwa amekaa miaka kadhaa Tanzania, na huko alikipata Kiswahili sanifu, akakishika kama mtu aliyeokota dhahabu barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hilo kwa shida, lakini ni kweli: alizika watu, alifundisha watoto bure, viatu vyake vilikuwa na kiraka juu ya kiraka na vilikuwa vinang'aa. Jumapili moja alisimama baada ya matangazo akatuambia, "Watu wa nje wanatusoma. Wakiona tunaandika ovyo, watasema na akili zetu ni za ovyo. Tumepoteza nyumba, tumepoteza mashamba. Tusipoteze na nukta." Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Tangu siku ile kila ujumbe wenye kosa ulifuatwa na ujumbe wake, kinyota kidogo na neno lililosahihishwa. Mimi ndiye niliyepata vinyota vingi. Nikiandika kuku, ananijibu Kuku. Nikiandika nalikuya, ananijibu nilikuja. Habari zangu zikawa fupi, zikawa chache, halafu nikawa nasoma tu ya wengine.

Kisha ikaja ile alasiri. Mvua ilikuwa imetulia kidogo na yaya alikuwa anashona sare ya mtoto wa shule. Alisimama kuchukua mkasi, akashika ukuta. "Faida," aliniita bila kupandisha sauti, "niko natoka damu." Mke wa Mrundi alisikia kupitia ukuta kama sisi tulivyozoea kuwasikia wao, alikuja mbio, tukamshika yaya huku na huku mpaka zahanati ya kambi. Muuguzi alimtazama, akasema lazima afike hospitali ya Dowa haraka, lakini gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine na hakujua litarudi saa ngapi. Akasema tutafute usafiri wowote wakati yeye anamtundikia maji. Nilitoa simu pale pale kwenye benchi. "Yaya, niandike nini?" Alifumba macho akanisomea: "Andika yaya iko natoka damu mingi. Munganga amesema Dowa. Baombe moto." Kwetu munganga ndiye daktari au muuguzi, na moto ni pikipiki, Kifaransa kilituachia neno hilo na hakuna mtu wa Kivu asiyelijua, hata mtoto wa kunyonya. Niliandika hivi:

bapendwa yaya iko natoka damu mingi munganga amesema dowa tunaomba moto tafazali moto ya kwenda dowa

Wa kwanza kujibu alikuwa Sekretere Deo. "Dada Faida, sentensi huanza kwa herufi kubwa. Dowa ni jina la mahali. Nukta ziko wapi? Yaya ni mtumishi wa kulea watoto, mganga ni wa mitishamba, na moto huunguza. Je, unataka kuichoma Dowa? Andika upya ili tukuelewe." Baada yake zikashuka nyuso za kucheka, safu kwa safu. Mtu akaandika, "Poleni watu wa Dowa." Mwingine akaandika kwamba waitwe wazima moto. Nabintu, rafiki yangu, ambaye wakati ule alikuwa ameshahamia Lilongwe, alituma zile nyuso zinazotoa machozi kwa kicheko na maneno "Faida utaniua!" Wote walikuwa watu wa Kivu. Wote walikuwa na yaya zao. Sidhani kama walikuwa wanamcheka mtu anayetoka damu. Nimejiambia mara nyingi kwamba walisoma jibu la Deo kabla ya kusoma ujumbe wangu, na mtu akishaambiwa hapa pana kosa, haoni tena kitu kingine.

Nami nilianza kuandika upya. Kicheko nimekizoea, lakini hili bado linaniamsha. Nilifuta kila kitu, nikatafuta herufi kubwa ya kuanzia, na ufa wa kioo ulikuwa umepita pale pale kwenye kitufe cha herufi kubwa, nikawa nabonyeza, hakikubali, nabonyeza tena. Yaya aliniuliza kutoka kwenye benchi, "Banakuya?" Nikamjibu, "Bado, yaya, niko narekebisha." Mke wa Mrundi, aliyekuwa amemwegemeza yaya kifuani, alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Urekebisha nini? Wacha iyo telefone! Kimbia barabara!" Ndipo nikakimbia. Barabarani, karibu na wauza nyanya, alikuwa amekaa kijana Mmalawi juu ya pikipiki yake ya kubeba abiria. Chichewa changu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Nilimwambia, "Chonde. Magazi. Dowa." Tafadhali, damu, Dowa. Haikuwa sentensi hata kidogo. Aliwasha pikipiki kabla sijamaliza kuonyesha zahanati iliko.

Tulimweka yaya katikati na mimi nyuma yake nimemkumbatia, matope yakiruka mpaka usoni, na kila tuliposhuka bondeni nilisikia tumbo lake likikaza chini ya mikono yangu. Jua lilikuwa halijazama tulipofika. Mtoto alizaliwa, wa kiume, mwenye nywele nyingi na kucha zilizokamilika, na hakulia. Yaya alibaki hai. Hakuna mtu pale Dowa aliyesema kwamba tulichelewa, na hakuna daktari aliyewahi kuniambia kwamba ule muda wa kwenye benchi ndio uliomchukua. Mimi ndiye ninayesema hivyo, na sina ushahidi wowote. Tulimzika kambini siku iliyofuata, katika kipande cha kitenge ambacho yaya alikuwa ameweka kando kwa ajili ya kumbebea. Tuliporudi nyumbani nilifungua simu. Sekretere Deo alikuwa ameandika: "Kikundi cha Jirani Mwema kinatoa pole za dhati kwa Dada Faida na familia yake kwa msiba mzito uliowapata. Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Kila herufi ilikuwa mahali pake. Chini yake watu wale wale walikuwa wameandika Amina, na mimi niliwajibu asante, na niliianza asante yangu kwa herufi kubwa.

Jina lilinifuata. Mtu alikuwa amepiga picha ule ujumbe kabla ya habari ya msiba, ikapita simu kwa simu, na watu wasionijua waliniita Moto ya Dowa kwenye foleni ya maji, bila kujua jina hilo limetoka wapi. Nilijaribu kumweleza mwanamke mmoja, alisema, "Oo, pole, lakini inachekesha kweli." Yaya ndiye aliyeniambia niende. Alikuwa amelala akitazama ukuta wa jirani, ambao siku hizo ulikuwa kimya kwa heshima yetu. "Wende Lilongwe kwa Nabintu. Hapa utaozea. Mi nitabaki na bajirani." Nikaenda. Nabintu alikuwa na chumba kimoja Mchesi, kitanda kimoja tulicholala wawili kichwa kwa miguu, dirisha lililotazama ukuta, na jiko la mkaa ambalo tuliliweka mlangoni na kulilinda kwa zamu. Mchana nilipinda mashuka kwa mama mmoja Mmalawi tuliyemwita Amayi, ambaye aliimba siku nzima na hakuuliza nimetoka wapi. Jioni Nabintu alinifundisha kuandika. Hatukuwahi kuzungumza juu ya zile nyuso zake za kucheka. Alinifundisha tu, kwa ukali, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. "Banakuhukumu kwa andiko, Faida. Mutu hakuone sura, anaona andiko. Weka mukato hapa. Hapa pumzika." Nilijifunza nukta na mkato, nilijifunza kutenganisha l na r ambazo kwetu hukaa nyumba moja, nilijifunza kwamba watu ni wa- na wala si ba-. Nilijifunza vizuri kuliko yeye. Hasira hufundisha vizuri.

Baada ya miezi niliandika ujumbe wangu wa kwanza katika Jirani Mwema tangu msiba, salamu tu za Pasaka, mistari mitatu isiyo na doa. Deo alijibu upesi: "Hongera sana, Dada Faida! Sasa tunaelewana." Nilikaa kitandani nikiusoma ujumbe ule. Sasa tunaelewana. Wiki ile ile mchungaji wetu mkubwa, anayekaa Lilongwe na mwenye gari, aliandika katika kikundi: "wpndwa nmefka slm mungu awbrk tuonane jpil." Nilingoja kinyota. Hakikuja. Deo aliandika, "Amina Baba! Ujumbe wenye baraka." Watu wakaweka mikono ya kuomba, safu kwa safu. Nikapanda juu katika ujumbe wa miezi iliyopita, nikasoma kwa makini, nikaona kile ambacho wote walikuwa wanakijua ila mimi: vinyota viliangukia watu wa Fizi, wauza mboga, wajane, mafundi cherehani. Mchungaji hakuwahi kupata hata kimoja, wala wale walioandika kutoka Amerika. Makosa ya mkubwa ni haraka. Makosa ya mdogo ni ujinga. Basi nikafanya nilichofundishwa. Niliandika: "*Wapendwa, nimefika salama. Mungu awabariki. Tuonane Jumapili." Na chini yake: "Baba Mchungaji, sentensi huanza kwa herufi kubwa. Mungu pia." Kabla maji ya chai hayajachemka, simu ilinijulisha kwamba Deo ameniondoa katika kikundi. Nabintu alisoma kwenye simu yake, akatupa kijiko. "Ulitaka nini sasa? Ule ni mukubwa!" Nilimwuliza kama niliandika kosa lolote. Alitazama jiko. "Hapana," alisema. "Njo ile ni mubaya." Yaani ubaya ndio huo.

Siku hizi vijana wananiambia kwamba mambo hayo yamekwisha, kwamba kwenye simu kila mtu anaandika anavyotaka, xaxa na poa na bila nukta, na anayesahihisha ndiye mshamba. Nawasikiliza. Ni watoto waliosoma. Wanaivua kanuni kama mtu anayevua viatu nyumbani kwake, kwa kuwa anajua viatu anavyo. Mimi mpaka leo siwezi kutuma "nipo njiani" bila kurudi nyuma kutazama herufi ya kwanza. Habari za sokoni sikuandika tena. Nimejaribu, zinatoka safi na hakuna mtu ndani yake.

Nilirudi Dzaleka mwaka ulipokuwa unakwisha, wakati wa joto kabla ya mvua. Yaya alikuwa amenenepa kidogo, alikuwa na wateja, na juu ya mlango alikuwa ametundika ubao aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyeupe: hapa tuna shona nguo ya kila aina. Siku ya pili yake alikuja Sekretere Deo, suruali mkononi, kwa sababu wageni wa kanisa walikuwa wanakuja na pindo lilikuwa limeanza kufumuka. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za Lilongwe. Yaya alikuwa kwenye cherehani. Nilipokea suruali, nikasema, "Sekretere, siku ile ulielewa?" Hakuniuliza siku ipi. Alitazama viatu vyake.

"Nilielewa."

"Tangu mwanzo?"

"Dada, mimi ni mtu wa Bukavu. Yaya, moto. Ningekosaje kuelewa?"

"Sasa?"

"Tulikuwa wengi mle ndani," alisema polepole. "Nilijua atakwenda mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa lugha."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nilingoja yaya aseme kitu. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu mengi kutoka Lilongwe, yote yamepangwa, lakini yale ya kwanza yalikuwa haki yake. Alinyoosha mkono akachukua suruali kutoka kwangu, akaigeuza ndani nje, akaweka pini kwenye pindo. "Jumanne," alimwambia. Deo alishukuru. Alitoka, akasimama chini ya mlango, na nikamwona anainua macho kwenye ubao. Alisita, nadhani alijizuia kwa kweli, kisha akarudi hatua moja na kusema kwa sauti ya upole sana, kama mtu anayetoa zawadi ya mwisho aliyo nayo, "Dada Mwamini, tunashona ni neno moja. Halitenganishwi."

Yaya alimtazama kwa mara ya kwanza. "Zikomo, Sekretere," alimshukuru kwa Chichewa. "Batu banaingia tu." Akainama, akakata uzi kwa meno, akaanza kulifumua pindo lake.